Uzi: Nimeanza kujenga majengo ya kadi ya reli ndogo, ukuta wa kwanza umepinda. Nisaidieni kabla sijafungua boksi la pili

Mpenda Reli wa Malindi

Assalaam alaykum wanajamvi. Uzi utakuwa mrefu kidogo naomba mnivumilie.

Mie nipo Unguja mjini, mtaa wa Malindi. Mwaka jana dada yangu alioko Uingereza alinletea seti ya treni ya umeme, ile saizi inoitwa OO, yaani 1:76, reli ya duara, injini moja na mabehewa matatu. Nimeifunga juu ya plaiwudi ya futi 6 kwa 4 na inakwenda vizuri alhamdulillah, watoto wa mtaa mzima washakuja kuiangalia. Lakini inazunguka kwenye ubao mtupu, hakuna stesheni hakuna nyumba hakuna hata ukuta. Nikamwambia dada, akanitumia viboksi viwili vya majengo ya kadi, kimoja kibanda cha mtu wa ishara za treni na kimoja stesheni ndogo ya shamba, zile ambazo vipande vishakatwa kiwandani wewe unavibandua tu kwenye kadi yake na kuviunganisha.

Nikaanza na stesheni kwa sababu ndo nliyokuwa naitaka. Nilipaka gundi nyeupe ya maseremala ukuta mzima wa mbele, nikaushikanisha na kadi yake ya ndani, nikauweka juu ya meza nikenda kuswali Magharibi. Ilikuwa masika, mvua inanyesha toka asubuhi. Narudi ukuta umepinda kama dau. Nikataka kuunyoosha kwa mkono ukavunjika pale kwenye dirisha.

Halafu kila pembe nnayokutanisha kuta mbili panaonekana mstari mweupe wa kadi, yaani matofali mekundu yanakuja yanakuja halafu ghafla weupe, na jicho lote linakwenda pale. Na plastiki ya madirisha imejaa alama za vidole vya gundi, nimefuta haitoki.

Imeniuma sana maana dada kainunua kwa pesa zake na mie nimeiharibu siku moja. Kiboksi cha pili sijakifungua. Mwenye ujuzi anambie nianze vipi, na kama kadi inafaa kweli kwa hewa yetu hii au nitafute kitu chengine.

Fundi Karatasi, Chake

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kadi inafaa. Mie nipo Chake Chake, nnajenga kadi mwaka wa sita huu na nnayo majengo ya mwanzo mpaka leo yamesimama wima, na mvua za Pemba mnazijua.

Kilichokuponza si hewa, ni maji ya gundi. Ile gundi nyeupe ni ya maji. Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inarudi, sasa wewe umeilowesha upande mmoja tu ukaiacha wazi juu ya meza, upande mmoja ukatanuka mwengine ukabaki vilevile, lazima ipinde. Na kwenye masika inakauka polepole kwa hivyo inapata muda mwingi wa kupinda.

Fanya hivi. Gundi nyeupe usiimimine kwenye kadi, itie kwenye kifuniko cha chupa, chukua kipande cha kadi mbovu uitandaze nayo mpaka ibaki ngozi nyembamba, ukiona inang'aa na kuteleza ujue ni nyingi. Ukishashikanisha tu, weka baina ya mifuko miwili ya plastiki (isije ikashikana na meza), juu weka vitabu vizito au tofali, na usiguse mpaka kesho. Masika mie naacha siku mbili. Pahala penye uso mkubwa kama ukuta mzima tumia gundi ya tyubu ile inonuka, kama UHU, haina maji ndani yake kwa hivyo kadi hailowi. Gundi nyeupe iweke kwa ajili ya pembe, maana inakupa dakika chache za kusogeza mpaka zikae sawa, ile ya tyubu ikishashika imeshika.

Na ukuta uliopinda usiutupe. Chukua sponji yenye unyevu, si maji, pangusa upande uliobonyea ndani tu, mara moja, halafu ulaze chini ya uzito siku nzima. Upande ule utatanuka kidogo na ukuta utanyooka. Ukishanyooka ubandike mbavu kwa nyuma, yaani vipande virefu vya kadi upana milimita 5, visimame kwa upande wake wa ubavu, viwili vitatu toka chini mpaka juu. Pale palipovunjika dirishani bandika kadi kwa ndani, mbele hapataonekana sana.

Jengine la muhimu kuliko yote: usipake gundi mpaka jengo zima umelisimamisha kavu. Kunja kila pahala pa kukunja, kunja polepole ukiegemeza kwenye rula, vipande vyote vijaribu kwenye nafasi zake, viwekee namba kwa penseli kwa nyuma. Mie kazi ya kibanda kidogo cha masaa matatu, masaa mawili sina gundi mkononi.

Na anza na kibanda cha ishara, si stesheni. Kidogo, kuta nne na paa. Stesheni ina mapaa yanokutana na dohani, hiyo ya mtu alokwisha kosea mara tatu nne.

Mwanakwerekwe 2

Uzi mzuri. Naomba kuuliza hivi vitu vinapatikana wapi, hapa Unguja sijawahi kuviona dukani.

Fundi Karatasi, Chake

Dukani hapa mie sijaviona pia. Vinovyokuja vimekatwa tayari ni kama Metcalfe na Superquick, wote wa Uingereza, lazima mtu akuletee au uagize. Lakini kuna njia ya pili, kuna wanouza michoro kwenye intaneti kama Scalescenes, unalipa mara moja unapata faili, unalichapisha mwenyewe mara nyingi utakavyo, unabandika kwenye kadi unakata kwa mkono wako. Ukiharibu unachapisha tena. Kwa mtu anoanza mie naona hii inatuliza moyo zaidi, ijapokuwa kukata ni kazi.

Ummu Nasra

Assalaam alaykum kaka zangu. Mie nasomesha sanaa skuli ya msingi, treni sina lakini kadi ndo kazi yangu ya kila siku, nikaona nichangie.

Kaka wa Malindi, mistari myeupe ya pembeni dawa yake ni kupaka rangi ukingo wa kadi KABLA ya kubandika. Tumia penseli za rangi zile zinoyeyuka kwa maji, lakini zitumie kavu. Makapeni usitumie, wino wake unaingia ndani ya kadi na kutokeza upande wa matofali kama doa, na ukikauka unang'aa. Rangi usichukue nyekundu kali, angalia mstari wa saruji baina ya tofali na tofali, chukua rangi iliyo katikati ya ule mstari na tofali. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Na kuna jambo wengi hawalijui, kadi ina mkondo. Nyuzi zake zimelala upande mmoja. Shika kadi ipinde kidogo kwa urefu halafu ipinde kwa upana, utahisi upande mmoja inakubali na mmoja inagoma. Inapokubali ndo mkondo unakwenda sambamba na mkunjo. Mikunjo yako ikate iende na mkondo itanyooka kama kisu, ukienda kinyume inapasuka vinyuzi juu. Na unaposhikanisha kadi tatu kutengeneza ukuta, ya mwanzo na ya mwisho mkondo uende juu na ya katikati uende pembeni, zitashikana mikono hazitapinda kirahisi.

Kuhusu kuchapisha, mkienda kwenye duka la fotokopi waulizeni printa yao ni ya wino au ya poda. Ya wino ikiguswa na gundi ya maji rangi inatembea, nimeona kazi za wanafunzi zimeharibika hivyo. Ya poda ni salama. Na mwambieni yule kijana wa duka achapishe asilimia 100, asikubali mashine ipunguze ili itoshe karatasi, maana ikipunguza hata kidogo mlango wa ukurasa huu hautaingia kwenye ukuta wa ukurasa ule. Pimeni kwa rula palepale dukani kabla ya kulipa.

Wembe mpya kila baada ya jengo moja. Wembe butu haukati, unararua.

Mpenda Reli wa Malindi

Bi Ummu Nasra na Fundi Allah awalipe. Nimeuweka ule ukuta chini ya tofali baada ya kuupangusa, ntaleta habari. Swali moja Fundi, kukata mwenyewe madirisha madogo vile mnafanyaje? Nimejaribu kwenye boksi la dawa ya meno pembe zote zimepita mstari.

Fundi Karatasi, Chake

Boksi la dawa ya meno zuri kwa kujifunzia, endelea nayo hayo, na ya viatu pia.

Kisu usikikandamize. Pita mara nne tano kwa mkono mwepesi, ya kwanza ni kuchora njia tu, zile zinofuata zinashuka ndani. Anzia pembeni, yaani ncha ichome kwenye pembe halafu ivute kuja katikati, simama katikati, geuza kadi, chomeka kwenye pembe ya pili vuta kuja katikati. Hivyo pembe haipiti hata siku moja kwa sababu huendi kwenye pembe, unatoka kwenye pembe. Na madirisha yote yakate kwanza, mzunguko wa nje wa ukuta ukate mwisho kabisa, ukianza nje kipande kinakuwa kidogo kinakuchezea mkononi na ndo vidole vinapokatika.

Plastiki ya dirisha: bandika wakati ukuta bado umelala, kabla hujafunga nyumba. Gundi iguse kwa ncha ya njiti ya meno kwenye pembe nne tu, basi. Kitambaa chenye unyevu pembeni yako, kila ukishika gundi unafuta kidole kwanza.

Kijana wa Bububu

Nauliza kitu, kwani lazima tujenge stesheni ya Uingereza? Sisi wenyewe tulikuwa na reli. Mie nimezaliwa Bububu na mpaka leo wengi wa rika langu hawajui kwamba gari la moshi lilikuwa linafika kwetu.

Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, ikaanza kazi mwaka 1905, maili 7 hivi toka mjini mpaka Bububu, na Ngome Kongwe ndo ilikuwa bohari la ujenzi wake. Picha za kale zipo, gari linapita ndani ya mji baina ya nyumba, yaani mtu kakaa barzani kwake na behewa linapita mbele ya magoti yake. Abiria waliacha kubebwa 1922, na reli ikaja kung'olewa. Na kabla ya hiyo Sayyid Barghash alikuwa na yake mwenyewe toka mjini kwenda kasri la Chukwani, mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu, baadae ikaletwa injini ndogo ya Bagnall ya Uingereza. Alipofariki 1888 nayo ikaishia hapo.

Sasa kaka wewe upo Malindi, nje ya mlango wako zimejaa nyumba za kujenga. Kwa nini usijenge mtaa?

Mpenda Reli wa Malindi

Wallahi sikulifikiria hili. Lakini reli yangu ni ya OO, si itakuwa haiendani na ya Bububu?

Kijana wa Bububu

Kweli, Bububu ilikuwa reli nyembamba, futi 3 baina ya vyuma viwili. Kwenye OO futi moja ni milimita 4, kwa hivyo futi 3 ni milimita 12, na reli yako wewe ni milimita 16 na nusu. Wapo wenye kupenda usahihi wanaotandika reli ya milimita 12 makusudi, Kisiwa cha Man na Ireland wanafanya sana kwa sababu walikuwa na reli za futi 3. Lakini nyumba ni zilezile. Nyumba ya 1:76 ni ya 1:76 iwe pembeni ya reli gani. Jenga mtaa sasa, reli utabadilisha siku ukijaaliwa.

Babu Seremala, Kikwajuni

Wanangu assalaam alaykum. Mjukuu wangu kanisomea uzi wenu jana usiku nikamwambia leo aniandikie.

Mie nimefanya kazi ya kutengeneza nyumba za Mji Mkongwe miaka mingi, milango, boriti, ngazi. Nimefurahi kusikia vijana mnataka kuzijenga hata kwa karatasi. Lakini mkizijenga kama hizo za Kizungu mtakosea, na ntawaambia wapi.

Nyumba zetu si za matofali. Ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na ukuta wake mnene, dhiraa moja na wengine zaidi. Ukisimama dirishani unaweza kukaa kwenye unene wa ukuta. Hiyo kadi moja mnayoisema ukiikata dirisha itaonekana kama pazia limetobolewa. Nyie mnahesabu milimita, mie nahesabu kwa dhiraa. Kijana kasema futi moja ni 4, basi dhiraa ya futi moja na nusu ni 6, shibiri ni nusu yake ni 3, na pima ya dhiraa nne ni 24. Ukuta wako usipungue 6.

La pili ni upana wa chumba. Paa na sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya futi 9, 10. Ndo maana vyumba vyetu virefu na vyembamba. Kwa hesabu yenu chumba ni kama milimita 40 upana, urefu utakavyo. Ukijenga chumba cha 60 anoijua nyumba atakuuliza boriti umezipata wapi.

La tatu, barza. Nyumba bila barza mbele yake haijaisha.

Ummu Nasra

Shikamoo babu. Maneno yako nimeyaandika kwenye daftari langu.

Kaka, dhiraa ya babu ni kadi tatu za milimita 2 zikishikanishwa. Mkondo mmoja juu mmoja pembeni mmoja juu. Kata dirisha kwenye kila kadi peke yake halafu ndo uzishikanishe, usishikanishe tatu ukakata pamoja, hutaweza. Kadi hizi za kijivu zinouzwa kwa kutengenezea majalada zipo kwenye maduka ya stesheneri, au chukua mgongo wa madaftari makubwa ya mahesabu.

Babu Seremala, Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Na zile pembe za dirisha kwa ndani usizifanye kali. Chokaa haina pembe kali. Zisugue kwa msasa laini.

Mwanakwerekwe 2

Na rangi ya chokaa mnaipataje?

Fundi Karatasi, Chake

Rangi nyeupe ya maji ya ukutani, changanya na poda ya mtoto mpaka iwe nzito kama uji wa mtama. Poda inaondoa mng'aro na inaacha vichembe, ukiipaka kwa brashi kavu kwa kugongagonga inakuwa kama lipu. Upande wa ndani wa ukuta paka pia mara moja, hata kama hauonekani, usisahau somo la dau. Ikikauka saga makaa kwenye msasa, chukua unga wake kwa kidole upake chini ya madirisha na chini ya mifereji ya paa pale ambapo mvua inashuka na ukuta unakuwa mweusi. Kidogo kidogo, unatazama nyumba ya kweli unarudi, unatazama tena.

Na tahadhari moja kwa wote: msitumie gundi ya unga wa ngano ile tunayobandikia vishada. Mende wanaila. Mie ilinikuta kwenye jengo langu la tatu, paa lote lilibanduka usiku mmoja na kingo zimetafunwa. Majengo yakiisha yawekeni kwenye chombo chenye kifuniko na vile vipakti vya chembechembe vinokuja kwenye maboksi ya viatu, vinavuta unyevu.

Mpenda Reli wa Malindi

Wiki tatu sasa, nimerudi na habari.

Ule ukuta wa stesheni umenyooka. Mbavu tatu kwa nyuma kama alivosema Fundi. Mpasuko wa dirishani bado unaonekana ukiuangalia kwa karibu lakini nimepaka penseli umepungua. Kibanda cha ishara nacho kimekwisha, pembe zake nimezipaka rangi kabla ya gundi na mstari mweupe haupo kabisa, nimempigia dada video akadhani nimenunua kingine.

Halafu nikaanza nyumba ya mtaani. Kila asubuhi baada ya Alfajiri nilikuwa natoka na rula na daftari, napima nyumba moja ya karibu yangu ya ghorofa moja, mwenye nyumba kaniruhusu, mlango mmoja mkubwa na madirisha matano juu. Mlango futi 8 na nusu, kwa hivyo milimita 34. Kadi tatu, dhiraa ya babu. Ukuta wa kwanza niliukata vibaya, madirisha ya kadi ya kati yalikuwa milimita moja pembeni, ukishikanisha unaona ngazi ndani ya dirisha. Nikautenga nikakata mwengine. Safari hii nikatoboa kadi zote tatu kwa pini kwenye pembe za madirisha zikiwa zimebanwa pamoja, kisha nikazitenga kila moja ikakatwa kufuata matundu yake. Zikakaa sawa.

Boriti nimetumia njiti za meno. Unene wake milimita 2, ambazo ni thuluthi mbili za shibiri, nimezipaka maji ya chai ya rangi zimekuwa kama mti wa zamani. Zimejipanga chini ya sakafu, milimita 38 kila moja.

Mabati ya paa: foili ya kupikia juu ya karatasi ya manila, peni iliyokwisha wino na rula, mstari kila milimita moja. Moja moja, mia na zaidi upande mmoja. Mke wangu kachora upande wa pili.

Mlango wa nakshi umenishinda kuuchonga, kwa saizi hii hakuna kisu kitakachofanya kazi ile. Nimekata manila tabaka tatu, la nyuma ni mbao zenyewe, la kati ni miimo na kizingiti, la juu ni mfaa peke yake, ule mti wa katikati unofunika mwanya wa mabawa mawili. Njumu, yaani vile vichwa vya misumari vya mlangoni, nimezifanya kwa kusukuma pini kutoka nyuma, taratibu juu ya kitambaa kilichokunjwa, zinatokeza mbele kama vipele. Mstari wa vinne, mara tano kila bawa. Nikapitisha penseli ya kahawia kwa ubavu, rangi ikashika vipele tu na kuacha mashimo.

Kijana wa Bububu

Mashaallah! Picha kaka, picha.

Ummu Nasra

Hiyo ya kutoboa kwa pini kwanza ntaifundisha darasani wiki hii. Hongera sana, na mkeo pia, mistari ya mabati si kazi ndogo.

Babu Seremala, Kikwajuni

Mjukuu kanisomea mara mbili. Paa zamani lilikuwa bapa la chokaa, mabati yalikuja baadae, lakini nyumba nyingi ndo zilivo sasa hivyo sikulaumu. Mfaa umeuweka kwenye bawa gani?

Mpenda Reli wa Malindi

Bawa moja babu, linofunika mwanya. Nimeupima kwenye mlango wa kweli.

Babu Seremala, Kikwajuni

Sawa. Na barza?

Mpenda Reli wa Malindi

Ipo babu, pande zote mbili za mlango. Juu milimita 6, kina chake 6.

Babu Seremala, Kikwajuni

Dhiraa kwa dhiraa. Hapo mtu anakaa.

Mpenda Reli wa Malindi

Picha ntaziweka Ijumaa inshaallah, chokaa ya barza bado mbichi na mvua imerudi tena leo. Nimeiweka chini ya beseni na vipakti vyake. Fundi, plastiki ya madirisha imenishia, ile ya kwenye maboksi ya mashati mapya inafaa?

Fundi Karatasi, Chake

Inafaa sana, hiyo ndo nnayotumia. Ikate kubwa kuliko dirisha milimita 3 kila upande, na shika kwa kibano, vidole viweke mbali.